Boti Lililopita Kwenye Masale

Petroli ikichanganywa na oili hutoa harufu ya peke yake, na mimi siipendi. Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kutukatia mti uliokuwa umeegemea zizi. Alipowasha msumeno wake wa injini, moshi wa buluu ukanifikia jikoni, nikakunja uso kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. Kijana akadhani nimechukizwa na kelele, akaniomba radhi. Sikumweleza kitu. Ninyi nitawaeleza, kwa sababu hamjui kwetu ni wapi na hamtakwenda kuniumbua kanisani.

Harufu hiyo ni ya boti. Nasema boti, tena la baharini, la kuvulia samaki, lenye injini nyuma na viti viwili vya kuzunguka. Lilipandishwa mpaka kwetu Marangu, huku kwenye migomba na kahawa, ambako maji ya karibu ni ya mfereji, na mfereji wenyewe mtoto wa darasa la kwanza anauruka.

Mwenye boti alikuwa Baba Mkubwa Anaeli, kaka wa baba yangu. Baba yangu alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya wageni mlimani, na kwa kuwa Desemba ndio msimu wenyewe, Krismasi nyingi zilimkuta huko juu kwenye baridi. Baba Mkubwa yeye alikuwa na kazi ya ofisini Tanga. Kila Desemba alipanda nyumbani kama Wachagga wote wenye kazi zao mijini, na kila Desemba alipanda na kitu cha kutuonyesha. Mwaka mmoja ilikuwa suti nyeupe, katika udongo wetu huu mwekundu. Mwaka mwingine ilikuwa jenereta, lililowaka siku mbili likanyamaza mpaka leo. Debe tupu haliachi kuvuma, Bibi alikuwa akisema, ila alisema kwa sauti ya chini, maana ni mwanawe wa kwanza na alimpenda.

Kisha Baba Mkubwa akaingia kwenye uvuvi. Si uvuvi wa kula wala wa kuuza. Uvuvi wa Jumamosi. Hebu tuelewane vizuri: mtu mzima, ambaye mama yake mzazi anakata majani ya ng'ombe kwa mgongo uliopinda, anaamka alfajiri, anavaa kofia pana, anakwenda kukaa juu ya maji mpaka mchana akingoja samaki amwonee huruma. Na alituletea picha. Baba Mkubwa na nguru, Baba Mkubwa na kolekole, Baba Mkubwa amempakata jodari kama mtoto wa ubatizo. Alizibandika ukutani kwa Bibi, pembeni ya kalenda ya kanisa. Bibi alizitazama moja moja, akauliza wadudu wale huliwa na nani. Wazee wetu hawakuzoea samaki. Kwao huyo ni nyoka tu, ila wa majini.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na nilimhusudu Baba Mkubwa kupita kiasi. Nalisema hili kwa aibu. Baba yangu akirudi mlimani na midomo iliyopasuka nilimpokea mzigo nikamsahau. Baba Mkubwa akishuka garini nilihesabu vifungo vya shati lake. Nilizijua picha zile zote kwa mpangilio, na niliwaambia wenzangu shuleni kwamba siku moja nitakwenda naye, nitavua samaki mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Sasa niwaambie kuhusu masale, la sivyo hamtaona ubaya wa jambo lenyewe. Njia ya kuingia kwetu kutoka barabara ya gari ni kichochoro kilichopita kati ya vihamba viwili, ndiyo mashamba ya ukoo, chetu na cha jirani yetu Mama Kileo. Kijiji kizima kilimwita hivyo, hata sisi watoto. Kati ya kichochoro na kihamba chake ulisimama mstari wa masale, mimea ile ya majani marefu ambayo kwetu haioti ovyo. Babu yangu na baba mkwe wa Mama Kileo waliugombea mpaka huo miaka na miaka. Ugomvi ulipokwisha waliyapanda masale yale wao wawili, kwa mikono yao, wazee wa koo zote mbili wakishuhudia. Maana kwetu Uchagani isale ndilo neno la mwisho. Mtu akikukosea, hata kosa liwe kubwa namna gani, akikujia na jani la isale mkononi huwezi kumfukuza. Utakunja uso, utalia, lakini utasamehe. Bibi alinifundisha hayo kabla sijajua kusoma, na alinifundisha pia kwamba isale halichezewi.

Katikati ya mstari ule palikuwa na upenyo wa kupitisha mkono. Kila asubuhi kidumu cha njano, kilichowahi kuwa cha mafuta ya kula, kilipita hapo. Ng'ombe wa Bibi akikauka, Mama Kileo alikijaza maziwa. Wa Mama Kileo akikauka, Bibi alikijaza. Walikuwa wajane wote wawili, na mazungumzo yao ya upenyoni yalikuwa marefu kuliko ibada ya kwanza. Nilitumwa kuleta kidumu nikakaa huko nusu saa, nikisikiliza nani kaoza jino na nani kaoza tabia.

Siku mbili kabla ya Krismasi ile, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, gari la Baba Mkubwa likafika barabarani likikokota trela, na juu ya trela boti jeupe lililoandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu: Fahari ya Marangu. Watoto tulipiga kelele. Wanaume waliokuwa dukani wakatoka na vikombe vyao vya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, wakalizunguka kama wakaguzi.

"Sasa Anaeli," akauliza mmoja wao, "hili utaliogesha wapi?"

Baba Mkubwa akacheka, akasema amelileta apate baraka za mama yake kabla halijaanza kazi rasmi. Kichochoro hakikulitosha. Aliingiza gari, trela likabana kwenye masale, akarudi nyuma, akaingiza tena, tairi likazama kwenye tope. Wanaume wakamshauri aliache pale dukani, mwenye duka atalilinda.

"Niliache hapa walevi walikalie?" akasema, na aliowaambia hivyo ndio hao waliokuwa wanamshauri. Wakarudi kwenye mbege yao. Bibi alikuwa kanisani na akina mama wengine, wakipamba kwa ajili ya sikukuu, na mama yangu alikuwa ameteremka sokoni. Baba Mkubwa akatazama huku na huku, akaniona.

"Kunda, kimbia ulete panga."

Nilijua. Naomba msinipunguzie lawama, nilijua vizuri. Nilisimama pale na miguu yangu ikajua pia, maana haikutoka. Naye akainama, akanukia marashi na petroli, akasema, "Ukileta, Januari nakupeleka baharini. Utakaa mbele kabisa."

Nikakimbia. Panga la Bibi lilikuwa limechomekwa kwenye ukuta wa jiko, nikalichomoa, nikaleta.

Alikata masale kumi na matatu. Nilikuwa nayahesabu bila kutaka. Mtu aliyezaliwa kwenye kihamba kile, aliyenyonyeshwa chini ya migomba ile, aliyakata kama anafyeka magugu. Tena hakuishia hapo. Tairi lilipoendelea kuteleza, aliyakusanya majani yale akayatandika chini ya tairi, akakanyaga mafuta. Majani ya kuombea msamaha yakasagwa kwenye tope na trela la boti. Injini ikanguruma, boti likapita, likaingia uani kwa Bibi likiyumba, likasimama kati ya zizi na banda la kuku. Kuku walilikimbia, na hao ndio viumbe pekee waliokuwa na akili siku hiyo.

Bibi aliporudi hakupiga kelele. Alisimama kwenye lile pengo, akayatazama mashina, akatazama upande wa pili. Mama Kileo alikuwa kwenye kahawa zake, amesimama wima.

"Nani alileta panga?" Bibi akauliza.

"Nililikuta hapo kwenye mgomba, Mama," Baba Mkubwa akajibu haraka, bila hata kunitazama.

Mpaka leo sijui kwa nini alinificha. Katika maisha yake yote, kwa hesabu yangu, huo ndio uongo pekee aliousema kwa faida ya mtu mwingine.

"Anaeli," Bibi akasema, "kata jani moja, uende kwa Mama Kileo sasa hivi."

"Mama, mambo hayo ya zamani! Hivi si vimimea tu? Vitaota."

"Nenda."

Hakwenda. Alifungua deli lake la barafu, akatoa nguru mzima, mrefu kama mkono wangu, macho wazi. Akamfunga kwenye jani la mgomba, akanipa mimi. "Mpelekee. Mwambie ni zawadi ya Krismasi kutoka kwa Anaeli. Samaki huyu mjini watu wanampigania."

Basi nikavuka pengo nimebeba samaki. Mama Kileo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, nikamwekea mzigo miguuni, jani likafunguka. Alimtazama nguru, nguru akamtazama.

"Mwambie baba yako mkubwa mdudu wake ananikodolea macho," akasema. Kisha akaniinulia uso. "Na wewe, Kunda, umeniletea nini?"

"Samaki," nikasema.

"Huyo ni wa Anaeli. Nakuuliza wewe."

Nikadhani anataka peremende. Nikamwambia sina kitu. Akatikisa kichwa polepole, akanifungia samaki wake, nikarudi naye. Jioni ile paka wa kijiji kizima walikula Krismasi.

Asubuhi yake kidumu hakikupita. Pengo sasa lilitosha kupitisha boti, lakini kidumu hakikupita. Ng'ombe wa Bibi alikuwa amekauka mwezi huo, kwa hiyo sikukuu tulikunywa chai ya rangi. Mbuzi alipochinjwa, Bibi alimpelekea Mama Kileo fungu lake kama miaka yote, nalo likarudi limefunikwa vilevile. Baada ya Krismasi Bibi mwenyewe alikata jani la isale, akajifunga khanga safi, akaenda. Alikaa kidogo tu. Aliporudi alimwambia mama yangu, nami nikisikia nyuma ya mlango, kwamba Mama Kileo amempokea kwa heshima zote, amempa kiti, kisha amemrudishia jani mkononi. "Ameniambia, dada, wewe hukukata. Nitakusameheje kosa ambalo si lako? Anangoja mwenye kosa."

Bibi akachomeka lile jani kwenye boriti ya jiko, na wakati huo Baba Mkubwa alikuwa uani akionyesha wageni jinsi viti vyake vinavyozunguka.

Januari alitimiza ahadi, lazima nimpe haki yake. Nilishuka naye Tanga, boti likitufuata nyuma njia nzima. Jumamosi ya kwanza tukaingia baharini, mimi mbele kabisa. Hakuchukua msaidizi. Alisema wasaidizi ni wa watu wasiojua kazi. Kwa dakika ishirini nilikuwa binti mwenye furaha kuliko wote wa Marangu. Kisha injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima.

Akaivuta kamba ikawaka, ikazima. Akaivuta tena. Petroli na oili vikanuka mpaka nikatapika ubavuni, juu ya lile neno Fahari. Kwa kuwa hatuendi popote, akasema basi tuvue hapohapo. Akafunga chambo, akarusha mshipi kwa mbwembwe za pichani, ndoana ikarudi ikanasa kofia yake ikaitupa majini. Tulikaa. Jua likapanda. Samaki walikuwepo, niliwaona wakipita chini yetu kwa makundi, wakiendelea na shughuli zao. Nilimtazama Baba Mkubwa, kipara chake kikibadilika rangi, na nikaanza kumdharau kuanzia hapo. Nilikuwa na miaka kumi na moja na dharau ile ilinipendeza, ilinifanya nijione mkubwa.

Wavuvi wawili wakaja na ngalawa yao, wakasalimu, wakauliza kulikoni. Baba Mkubwa akaanza kuwaeleza ubora wa injini yake na nchi ilikotengenezwa. Mmoja wao, mwenye ndevu nyeupe, akaingia botini, akainama kwenye tangi la mafuta, akagusa kifuniko.

"Bwana, hapa hukufungua pumzi," akasema. "Tangi halivuti hewa, mafuta yatashukaje?"

Akakizungusha kijiskrubu kidogo kwa vidole viwili. Baba Mkubwa akavuta kamba, injini ikawaka. Yule mzee hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma kwa niaba ya ukoo wetu.

Kabla hawajaondoka, Baba Mkubwa akawaomba wamuuzie nguru mmoja. Akamchagua mwenyewe, mkubwa, akamwinua kwa mikono miwili, akanipa kamera. Akatabasamu. Nikampiga picha, na nilipokuwa nimefumba jicho moja nikazikumbuka picha zote za ukutani kwa Bibi, moja moja, kwa mpangilio wake.

"Nyumbani hatuna haja ya kuwaeleza," akasema akimweka samaki kwenye deli. "Mimi si nilikufichia panga?"

Niliporudi Marangu nikasimulia jinsi Baba Mkubwa alivyopigana na nguru nusu saa, nikaonyesha na mikono. Picha ikabandikwa pamoja na wenzake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akaenda kukata majani.

Miaka ikapita na pengo likabaki pengo. Masale huota ukiyachomeka tu, lakini hayo nani angeyachomeka? Yanapandwa na pande mbili zilizopatana. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Mama Kileo alikuja mazishini kwa kuzunguka barabara kubwa, mwendo wa robo saa kwa mguu mbaya, wakati pengo liko hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Akatupa udongo, akalia kwa sauti kuliko sisi watoto na wajukuu wa marehemu, akarudi kwa njia ileile ndefu. Siku hiyo nilimchukia Baba Mkubwa kwa moyo wote, na niliona raha kumchukia.

Alipostaafu alirudi kwenye kihamba, na boti nalo akalirudisha, likapita palepale bila shida. Injini ilikuwa imekufa. Alisema atalitengeneza. Mwaka wa pili mama yangu alianza kuweka humo majani ya ng'ombe, kwanza kwa muda tu, na leo Fahari ya Marangu ni hori. Ndama wanapigania upande wa mbele kabisa. Baba Mkubwa huketi barazani akilitazama, na mgeni akifika humwambia habari za nguru. Mimi humwamkia kila asubuhi, kwa sababu nimelelewa.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka wiki iliyopita, mti ulipokatwa na moshi ule ukanifikia. Nilisimama jikoni, chini ya boriti ileile ya Bibi, na kilichonijia hakikuwa sura ya Baba Mkubwa. Kilikuja kigoda, na jicho la nguru, na yule mama akiniuliza: na wewe, umeniletea nini? Miaka yote hii nilidhani alitaka peremende.

Juzi asubuhi nilikata jani moja la isale. Nikavuka pengo. Mama Kileo sasa haoni vizuri, alinitambua kwa sauti. Nilipiga magoti, nikamwekea jani mikononi, nikamwambia panga nililileta mimi.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa kwenye kahawa. Nilikuona ukisimama, kisha nikakuona ukikimbia."

"Mbona hukumwambia Bibi?"

"Angekuleta akikuburuta. Isale la kuburutwa ni la nini?" Akalipapasa lile jani mpaka nchani. "Anaeli sikumngoja. Anaeli alikuwa ameshasahau isale ni nini, na mgeni utamkasirikia mpaka lini? Nilikuwa nakungoja wewe. Wewe ulijua."

Basi hapo ndipo nilipoelewa dharau yangu yote ya miaka ishirini na kitu ilikuwa ya kazi gani. Boti lile lilikuwa la kudharaulika, sitabadilisha neno, na mwenye boti vilevile. Lakini nililidharau kwa bidii kwa sababu nilikuwa nimelificha panga langu ndani yake. Bibi alikunywa chai ya rangi mpaka akafa, na mimi nilichohitaji ni hatua ishirini tu na jani moja.

Nililia. Mama Kileo aliniacha nilie kiasi, kisha akanigusa bega.

"Aika," akasema, ndiyo asante ya kwetu. "Sasa ng'ombe wenu ana maziwa?"

"Amekauka, Mama Kileo."

"Na umekuja mikono mitupu? Kidumu kiko wapi?"

Nilirudi kukitafuta. Kilikuwa nyuma ya magunia, kimebadilika rangi, kikasugulika. Nilipokuwa natoka nacho Baba Mkubwa akaniita kutoka barazani.

"Kunda, unakwenda wapi na hicho?"

"Kwa Mama Kileo."

Akalitazama boti lake, ng'ombe amezamisha kichwa ndani. "Nisalimie," akasema.

"Masale yaliyobaki yako palepale, Baba Mkubwa," nikamwambia. "Jani moja linatosha. Likate mwenyewe."

Hakuinuka. Nikapita kwenye pengo na kidumu.